Mwaka wa Baridi Si Ushahidi

Wapo wasomi, baadhi yao wenye vyeo, ambao kila mwaka mmoja unapopoa kidogo huinuka na kutangaza kwamba habari ya dunia kupata joto ni uzushi. Kauli hiyo imepotoka, na inapotamkwa na mtu aliyekabidhiwa kalamu ya umma au chaki ya darasa haiwezi kuachwa ipite hivi hivi.

Hebu na wateremke Kirando. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika anajua kwamba misimu haifanani. Pepo za kusi zinapovuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba, maji ya juu husukumwa kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda upande huu wa kusini. Dagaa wakapata chakula. Pepo zikilegea, neema hupungua. Lakini mvuvi gani mwenye akili timamu atauona mtumbwi umejaa usiku mmoja akaapa kwamba ziwa zima limenenepa?

Ndivyo lilivyo joto la dunia. El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, huupandisha mwaka. La Niña huushusha. Volkano ya Pinatubo, huko Ufilipino, ilipolipuka mwaka 1991 ilitanda ukungu uliokinga jua, dunia ikapoa kwa muda kwa takriban nusu digrii. Hayo ni mawimbi tu. Kinachopandisha kina chenyewe ni hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe na mafuta. Mwaka 1998 ulivunja rekodi kwa msaada wa El Niño. Mwaka 2022 ulikuwa wa La Niña, mwaka wa “baridi”, na bado ulikuwa na joto kuliko ule wa 1998! Wabishi wana jibu gani?

Ziwa nalo limetoa ushahidi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na yale mazito ya chini, na rutuba hubaki imefungiwa kilindini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea ziwani ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ilistahili, nyavu haramu zipo. Mvuvi akaambiwa akunje nyavu. Matanuru ya nchi tajiri hayakuzimwa hata siku moja. Ofisa anayembebesha mvuvi lawama zote, na mwalimu anayefundisha kwamba baridi ya Juni pale Sumbawanga imekanusha sayansi, wanawatumikia bila mshahara wale waliolipasha ziwa joto.