Kisu cha Samaki Kichaguliwe kwa Kazi Yake

Katika nyumba nyingi za pwani na za kando ya Ziwa Viktoria, kisu kimoja hufanya kazi zote: asubuhi humenya muhogo, mchana hukata vitunguu, na jioni hutumiwa kutumbua samaki na kutoa minofu. Desturi hii yafaa ifikiriwe upya, kwani hupoteza chakula na kujeruhi mikono.

Jambo la kwanza ni makali. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Ikiwa mkono unakandamiza kisu kwa kani ya nyutoni 10, na urefu wa makali yanayogusa samaki ni milimita 50, makali yenye unene wa milimita 0.01 hutoa kanieneo ya nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba. Makali butu, yenye unene wa milimita 0.1, hutoa nyutoni 2 tu. Mwenye kisu butu hulazimika kuongeza nguvu. Na kisu kinapoteleza juu ya ute wa samaki, nguvu hiyo huishia kidoleni.

Jambo la pili ni umbo. Kutumbua kwahitaji kisu kifupi, kigumu, chenye ncha kali, ili tumbo lipasuliwe bila kutoboa nyongo. Kutoa minofu kwahitaji kisu chembamba, cha sentimita 15 hadi 20, kinachopindika kidogo na kuzifuata mbavu za sato au changu. Kisu kinene hakiwezi kuufuata mpindo huo, nacho huacha nyama nyingi mifupani. Sangara mkubwa ahitaji kisu kirefu na kigumu zaidi. Magamba nayo yaparwe kwa mgongo wa kisu, makali yasiharibike.

Jambo la tatu ni chuma chenyewe. Pua ya kaboni hunoleka kwa urahisi, lakini hushika kutu upesi katika maji ya chumvi. Pua isiyoshika kutu ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo hujenga utando mwembamba wa oksaidi unaokilinda chuma. Hata hivyo, nayo yapasa kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa. Mpini usiwe na nyufa, maana ndani yake mabaki ya samaki huoza na vijidudu huzaliana.

Wapo wasemao kwamba fundi hodari hutumia kisu chochote. Ni kweli, lakini ustadi wake hutumika kufidia kasoro za chombo, na mwanafunzi asiye na ustadi huo hulipa kwa damu. Wahenga walinena: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Walimu wa fizikia, kemia na maarifa ya nyumbani wana somo kamili katika kifaa hiki. Samaki wawili wa uzito sawa, visu viwili na mizani vyatosha. Minofu ya kila samaki ipimwe, kisha darasa liamue lenyewe ni kisu kipi kilicho ghali.