NANI ALIYEMVIKA MWIZI SHUKA?

Ndugu wanachama wa Mbulu na Hanang, twauliza: kwa nini katika michezo ya kusisimua ya wanafunzi wetu muuaji huvikwa shuka na kupewa mkuki, hali mpelelezi huvaa suruali na koti?

Mwandishi wenu aliketi katika ukumbi wa shule moja akayaona haya kwa macho yake. Muuaji aliitwa "Mang'ati". Mchawi alikuwa mvulana aliyejifunga sketi ya ngozi, na watu wakacheka. Mjinga wa mchezo alikuwa Mhadzabe mwenye upinde. Mpelelezi hakuwa na kabila. Alikuwa na tai.

Twasema waziwazi: hiyo ni kasumba. "Mang'ati" ni neno la Kimasai, maana yake adui. Je, Mdatoga ni adui wa nani katika nchi yake? Na sketi ile ni vazi la heshima la mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa, si kitu cha kuchekesha watu.

Sinema ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa hapa hapa Tanganyika. Mashujaa wake ni wageni. Wenyeji ni wasaidizi tu. Yaliyotuudhi kwa mgeni, leo twawatendea ndugu zetu?

Tena tukumbuke. Mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig wa Hanang. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Waliochukua malisho yale hawakushika mkuki; walishika kalamu. Basi kwa nini mwizi wa jukwaani avae shuka?

Wako watakaosema, "Ni mchezo tu." La hasha! Mtoto wa Kidatoga aliyemo ukumbini hujifunza kuona haya kwa ajili ya mama yake. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa undugu wa binadamu wote. Undugu gani huo?

Hatusemi mavazi yetu yafichwe. Twataka mwenye shuka awe mpelelezi. Nani ajuaye kufuata nyayo kuliko mchungaji? Mwenye tai naye awe mwizi wa fedha za ushirika, maana huyo twamjua. Na walimu wawaulize wazee wenye vazi kabla ya kulipandisha jukwaani.

Umoja hauletwi na nyimbo peke yake. Walimu, anzeni na mchezo ujao!