UCHAMBUZI: Kabla ya kununua simu ghali, hesabu mifuko ya mbolea

KILA msimu wa mvua unapokaribia, wakulima wa Meru na Embu hutazama vitu viwili: mawingu yanayotanda kwenye Mlima Kenya, na simu zilizo mifukoni mwao. Mawingu huwaeleza wakati wa kupanda. Simu huwaeleza iwapo mbolea ya bei nafuu iko tayari.

Chini ya mpango wa ruzuku wa serikali, mkulima aliyesajiliwa hupokea vocha kwa njia ya ujumbe mfupi, kisha huelekea katika ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, kuchukua mgao wake. Mwaka wa 2023, bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500.

Ujumbe huo hauhitaji intaneti wala skrini ya kugusa. Hufika hata katika simu ndogo ya vibonye yenye tochi, ile ambayo Wakenya waliibandika jina la mulika mwizi na ambayo wengine huiita kabambe.

Mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Oktoba, Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu janja mjini Athi River, katika Kaunti ya Machakos. Simu ya bei ya chini zaidi kati ya zile zilizozinduliwa siku hiyo ilitangazwa kuuzwa kwa Sh7,499.

Ukizipanga bei hizo mbili bega kwa bega, utaona jambo ambalo halizungumzwi sana katika sherehe za uzinduzi. Simu hiyo, ambayo kwa wakazi wa mijini ni ya bei rahisi, ni sawa na mifuko mitatu ya mbolea ya ruzuku. Simu ya vibonye, kwa upande wake, huuzwa kwa kati ya Sh1,000 na Sh2,500, yaani haizidi bei ya mfuko mmoja.

Je, mtu ambaye haja yake ni kupiga simu, kusoma ujumbe na kutuma pesa anunue ipi? Hili si swali la duka pekee. Ni swali la nani atabaki ndani ya huduma za umma na nani atafungiwa nje.

Ili kulijibu, ni vyema kukumbuka jinsi simu ya mkononi ilivyoingia mashambani. Mwaka wa 2003, kampuni ya Nokia ilitoa simu ya aina ya 1100, yenye tochi kichwani na vibonye vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa kote duniani. Haikuwa na kamera wala intaneti, lakini ilimfaa mtu anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe au anayerejea nyumbani usiku kwenye njia isiyo na taa.

Kisha, mnamo Machi 2007, Safaricom ikaanzisha huduma ya M-Pesa. Waliobuni huduma hiyo waliiweka ndani ya laini yenyewe ili iweze kutumika katika simu ya bei ya chini kabisa. Lau wangeifungia katika simu za intaneti, mama mboga wa Gakoromone na mchuna majani chai wa Runyenjes wangesubiri miaka mingi kabla ya kutuma hata shilingi mia moja.

Msingi huo haujabomoka. Mwenye simu ya vibonye anaweza kubonyeza *334# akatumia M-Pesa. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, hupatikana kwa *254#. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, Wakenya waliweza kujisajili kwa *147#. Hizo ni huduma tatu nzito, na hakuna hata moja inayomlazimu mwananchi kununua bando.

Kwa hivyo, dhana kwamba mwenye kabambe yu nyuma ya wakati haina mashiko. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linawahusu wanunuzi wa simu sawasawa na walivyohusika wanunuzi wa mikeka.

Jambo la pili ambalo mnunuzi hana budi kulitia maanani ni umeme. Katika maeneo ya chini ya Mbeere, Kaunti ya Embu, ndiko yaliko mabwawa ya Mto Tana ambayo yamekuwa yakizalisha umeme wa taifa tangu Kindaruma lilipoanza kazi mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Hata hivyo, kuishi karibu na bwawa si sawa na kuwa na umeme nyumbani. Zipo familia katika maeneo hayo ambazo hutegemea kidude cha sola, au hulipa ili simu ichajiwe katika kibanda cha sokoni.

Simu janja iliyo kazini huhitaji kuchajiwa karibu kila siku. Simu ya vibonye hukaa siku kadhaa. Kwa mtu anayetembea kilomita tatu hadi sokoni kuchaji, tofauti hiyo ni muda, ni nauli na wakati mwingine ni mavuno. Simu iliyozima siku ujumbe wa mbolea unapotumwa, au siku dalali anapopiga kuuliza bei, haina faida hata ingekuwa na kamera nne.

La tatu ni deni. Mnamo Julai 2020, Safaricom kwa ushirikiano na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza Sh1,000 kisha akalipa Sh20 kila siku kwa miezi tisa. Mpango huo na mingine ya aina hiyo imewafungulia wengi mlango wa intaneti, na si haki kuibeza.

Lakini hesabu inapasa kufanywa mapema. Shilingi ishirini kwa siku 270 ni Sh5,400, na ukijumlisha malipo ya kwanza unapata Sh6,400. Aidha, anayeshindwa kulipa hufungiwa simu kutoka mbali. Mkulima wa majani chai hupata donge kubwa wakati wa bonasi, na yule wa kahawa husubiri kiwanda chake kilipe. Kipato cha aina hiyo hakiingii kila siku, ilhali deni la simu huingia kila siku. Mwenye pato la msimu akijifunga kwa deni la kila siku, huenda akapoteza simu pamoja na pesa alizokwisha kulipa.

Hata hivyo, itakuwa ni kupotosha kudai kwamba simu janja haina kazi mashambani. Tuchukue biashara ya miraa katika Igembe. Zao hilo huharibika upesi, na ndiyo sababu magari huondoka Maua kwa kasi kuelekea Nairobi mara baada ya majani kuvunwa na kufungwa. Soko la Somalia lilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022, habari za bei na za safari za ndege zilikuwa na thamani kubwa kwa yeyote aliyezipata mapema.

Mfanyabiashara anayetuma picha za mzigo na kufuatilia bei katika makundi ya WhatsApp anahitaji simu ya intaneti. Ni kifaa chake cha kazi kama ilivyo mizani. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa chuo, mwalimu, na kijana anayetafuta ajira au kuuza maparachichi kwa wateja wa mbali. Mkulima ambaye hana habari hizo naye hubaki mikononi mwa dalali anayezijua.

Kwa hivyo, kipimo ni kazi. Anayenunua simu na ajiulize: katika wiki iliyopita, ni jambo gani nililoshindwa kulifanya kwa sababu simu yangu ni ya vibonye? Akipata majibu matatu ya kweli, anunue simu janja bila ya kusita. Akikosa hata moja, basi anasukumwa na macho ya majirani. Baadhi ya familia zimepata njia ya kati, ambapo simu janja moja hutumiwa na nyumba nzima kwa masomo na shughuli za intaneti, huku kila mzee akibaki na kabambe yake.

Suala la wazee linahitaji kutajwa peke yake. Bibi anayepewa simu ya mguso ambayo hawezi kuitumia hulazimika kumpa mjukuu, au hata mgeni, nambari yake ya siri ili amtolee pesa. Siri ikishatoka, akiba nayo iko njiani. Simu yenye vibonye vikubwa na herufi zinazosomeka, ikiwa na menyu ya Kiswahili, humwezesha kujua mwenyewe kilichoingia na kilichotoka. Kwake yeye, simu bora ni ile inayomhifadhia siri na heshima yake.

Kwa aliyeamua kununua simu ya vibonye, bado kuna mitego. Mnamo mwisho wa Septemba 2012, iliyokuwa Tume ya Mawasiliano, CCK, iliagiza simu bandia zizimwe, na takriban simu milioni 1.9 zikakatwa kutoka kwenye mitandao. Wengi wa walioumia ni wananchi wa kipato cha chini waliofurahia bei bila ya kujua walichouziwa.

Funzo la mwaka huo lingali na maana. Kabla ya kutoa pesa, bonyeza *#06# ili nambari ya utambulisho ya simu ionekane, kisha uilinganishe na ile iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya betri. Zisipolingana, rudisha simu kwa muuzaji. Dai risiti na waranti, hata kama bei ni Sh1,200.

Betri nayo ichunguzwe. Iwe ya kutolewa, na iwe ya aina inayopatikana kwa urahisi madukani, kama ile yenye alama ya BL-5C ambayo imetumika katika simu nyingi kwa miaka mingi. Ikichoka, utanunua nyingine badala ya kununua simu mpya.

Isitoshe, hakikisha inabeba laini mbili, kwa kuwa wengi huweka ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na ya Airtel kwa mazungumzo. Kwa wanaofuatilia Muuga FM au Wimwaro FM, waulize iwapo redio hufanya kazi bila ya kuchomeka vipaza sauti vya masikioni, kwani katika simu nyingi waya huo ndio antena. Piga simu ukiwa papo hapo dukani, usikie sauti. Washa tochi.

Baadhi ya wauzaji humshawishi mnunuzi aongeze pesa ili apate simu ya vibonye yenye 3G. Ushauri huo si mzuri sana. Ujerumani, kwa mfano, ilizima mitandao yake ya 3G mwaka wa 2021 huku ikiendelea na ile ya 2G. Anayetaka simu ya bei ya chini achukue ya 2G, na aliye na uwezo wa kuongeza pesa atafute ya vibonye yenye 4G.

Lakini mzigo wote usiwekwe mabegani mwa mnunuzi. Serikali pia ina hesabu za kutoa. Mnamo Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Uhuru Kenyatta, aliondoa Ushuru wa Ziada ya Thamani, VAT, kwa simu za mkononi, hatua iliyowawezesha wengi kumiliki simu kwa mara ya kwanza. Ushuru huo ulirejeshwa na sheria ya VAT ya 2013. Mwaka wa 2022, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 ukaongezwa kwa simu zinazoagizwa kutoka nje.

Ni vigumu kuhimiza wananchi waingie katika ulimwengu wa kidijitali huku mlango wenyewe ukitozwa ada. Kabambe ya mkulima wa Siakago haipaswi kutazamwa kama anasa.

Zito zaidi ni mwelekeo wa huduma zenyewe. Mnamo Juni 2023, serikali ilizindua mpango wa Gava Mkononi na kutangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimewekwa kwenye mtandao wa eCitizen. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani limepunguza safari na milolongo katika ofisi za umma. Hata hivyo, kila huduma inayowekwa kwenye intaneti pekee humlazimu mwenye simu ya vibonye kwenda kwa wakala wa saibakafe, amlipe, na amkabidhi siri zake.

SHA na Hazina ya Hasla zimeonyesha kwamba inawezekana kumhudumia mwananchi kwa nambari fupi inayoanza kwa nyota. Inafaa hilo liwe sharti kwa kila idara ya serikali kuu na kwa serikali za kaunti za Meru na Embu: huduma yoyote muhimu isianzishwe kabla ya kupatikana kwa simu ya vibonye. Wawakilishi wadi wanaweza kuanza kwa kuuliza swali hilo katika mabunge yao kuhusu malipo ya kaunti na huduma za kilimo.

Siku ujumbe wa vocha utakapotumwa tena, mkulima atakayefaidika ni yule ambaye simu yake ina chaji na ambaye amebaki na pesa za kununulia mbolea yenyewe. Aliyezimaliza zote kwa simu atausoma ujumbe huo kwenye skrini nzuri, kisha aende shambani mikono mitupu.