Mtoto Anayependa Filme za Mizimu Si Mchawi

Kila mara tunapozungumza juu ya mila zetu, hakukosi mtu wa kusema kwamba mila zimekufa sababu ya filme. Banasema: mtoto ameacha hadithi za kambo yake, anashinda mbele ya televisioni akiangalia samurai wanaopigana na mizimu, ao vile vipindi vya ajabu vya viumbe waliotoka kwenye nyota. Mwingine anaongeza neno zito zaidi: filme hizo zinaingiza pepo ndani ya nyumba. Hapo mazungumzo yanaacha kuwa ya utamaduni, yanakuwa ya hatari. Maana mtoto anayeamka usiku akilia, mtoto anayependa kusimulia mambo ya kutisha, kesho yake anaweza kuitwa mchawi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, na filme hizo naziangalia kwa furaha, bila kujificha. Ninachotaka kuonyesha hapa ni hiki: furaha ya kutishwa na hadithi si adui wa mila. Ni mila yenyewe, tena ni kinga. Mtu aliyezoea hadithi ya kutisha anajua inaanzia wapi na inaishia wapi. Asiyejua, yeye njo anayemshitaki mtoto wa jirani.

1. Wajapani hawakutupa mizimu yao

Samurai wa kweli aliisha zamani. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza samurai kubeba panga hadharani. Yule tunayemwona akiruka, akikata, akiongea na wafu, ni mtu wa hadithi. Kisha vita ya 1945, Waamerika walioshika nchi ile walizuia filme nyingi za samurai, wakisema zinafundisha utii wa kikabaila na kulipiza kisasi. Sisi tunaijua dawa hiyo. Wakati wa Mbelgiji, hapa pia kulikuwa tume ya kuchagua filme ambazo Mwafrika anaruhusiwa kuangalia. Kila mara anayetawala anaogopa kile ambacho mtu atakifikiri mbele ya picha.

Utawala wa Waamerika kule Japani uliisha mwaka 1952. Mwaka uliofuata, Mizoguchi Kenji alitoa filme Ugetsu Monogatari, aliyoitoa katika hadithi za mizimu za Ueda Akinari, zilizochapwa mwaka 1776. Ni wakati wa vita. Mfinyanzi wa kijijini anaona vyombo vyake vinauzwa vizuri, tamaa inamshika. Anaacha mke na mtoto, anakwenda mjini, anavutwa na mwanamke wa nyumba kubwa, kumbe mwanamke yule ni mzimu. Shemeji yake naye anataka kuwa samurai kwa nguvu. Anapata heshima kwa kichwa cha jemadari alichokiiba, huku mke wake ameharibiwa na askari. Mwisho mfinyanzi anarudi kwake usiku. Mke anampokea, moto unawaka, chakula kiko. Asubuhi watu wa kijiji wanamwambia: mke wako aliuawa na askari.

Sisi tulioona vita ya 1996 na ile ya 1998, tunahitaji nani atufafanulie filme hiyo? Ukitoka pale hauulizi kama mizimu iko ao haiko. Unafikiri juu ya tamaa, juu ya askari wenye njaa, juu ya mwanamke aliyebaki peke yake na mtoto mgongoni. Mzimu ulikuwa njia tu ya kukufikisha hapo.

Tuchukue nyingine. Mwaka 1964 Kobayashi Masaki alitengeneza Kwaidan, filme ya hadithi nne za kutisha, zilizotoka kwa maandishi ya Lafcadio Hearn. Bwana huyo alizaliwa Ugiriki, akafika Japani mwaka 1890, akamwoa Koizumi Setsu. Hadithi nyingi za vitabu vyake alizisikia nyumbani, kinywani mwa mama huyo. Kitabu chake kinachoitwa Kwaidan kilitoka mwaka 1904. Kwa hiyo filme iliyopata tuzo kule Cannes mwaka 1965 ilianzia pale ambapo hadithi zetu zinaanzia: kwa mama anayesimulia usiku.

Katika hadithi moja, Hoichi, kijana kipofu, anapiga biwa, ala yenye nyuzi, na kuimba vita ya Dan-no-ura ya mwaka 1185, ambamo ukoo wa Heike ulizama baharini. Wafu wa ukoo ule wanamtuma samurai wao amwite kila usiku aje kuwaimbia. Ili kumwokoa, watawa wanamwandika maneno matakatifu mwili mzima, mzimu usimwone. Wanasahau masikio. Samurai mfu anakuja, haoni mtu, anaona masikio mawili tu. Anayang'oa, anaondoka nayo.

Wazazi wenzangu, hadithi hii inatusema sisi. Tunawafunika watoto kwa maombi na makatazo toka kichwa mpaka miguu, tunasahau masikio. Masikio ya mtoto tunawaachia watu wa barabarani na wale wanaouza hofu. Sikataze maombi. Minasema tu kwamba sikio linataka kinga yake, na kinga ya sikio ni hadithi nzuri iliyosimuliwa na mtu anayekupenda.

2. "Lakini hizo si zetu"

Wapenzi wa mila watanijibu: samurai si wetu, acha Wajapani na yao. Sawa. Lakini mtoto anayefurahia panga na mizimu ana hamu ileile iliyowakusanya wakubwa wetu karibu na moto.

Waluba wanasimulia jinsi Nkongolo alivyomtegea Kalala Ilunga: akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mkeka juu, kisha akamwita kijana aje kucheza. Mpiga ngoma akamjulisha hatari kwa mdundo. Kalala akachoma mkeka kwa mkuki, shimo likaonekana, akakimbia. Niambieni ni samurai gani aliye na jambo zuri kupita hilo!

Kule Kivu, Wanyanga wana Mwindo, ambaye baba yake alimfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anasafiri ndani ya maji, anashuka chini ya ardhi kwa Muisa, tena Nkuba, mwenye radi, anampandisha mbinguni kumfundisha adabu. Utenzi huo ulichapwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mtu anayesema safari za angani ni mambo ya Wazungu peke yao, aende kuusoma.

Kwa hiyo juu ya nini kumpokonya mtoto filme? Afazali kumuuliza: kwetu je, nani alishuka kwa wafu akarudi? Mtoto atakwenda kumuuliza kambo yake. Hapo filme imemrudisha nyumbani. Makatazo hayakurudisha mtu.

3. "Lakini ni upuuzi"

Wasomi wengine hawaogope pepo, wao wanadharau. Wanasema mnyama mkubwa anayetoka baharini kubomoa mji ni mchezo wa watoto. Na wawaulize Wajapani! Tarehe 1 Machi 1954 Waamerika walijaribu bomu la hidrojeni kule Bikini. Vumbi la sumu likaangukia mashua ya wavuvi wa Kijapani 23, na mmoja wao akafa mwaka uleule. Mwezi wa Novemba 1954 ilitoka filme Godzilla, ya Honda Ishiro: mnyama aliyeamshwa na majaribio ya mabomu anakuja kuchoma Tokyo. Watu walioingia sinema walikuwa wamekwisha kuona Hiroshima na Nagasaki. Tsuburaya Eiji, aliyetengeneza maajabu ya picha zile, mwaka 1966 akawapelekea watoto Ultraman kwenye televisioni.

Sasa sisi wa Katanga tusikilize vizuri. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na mikono ya wakubwa wetu, ambao hawakuambiwa itafanya nini. Mnyama yule anayetoka baharini ana kitu cha udongo wetu mwilini. Wajapani wametengeneza hadithi yake. Sisi je? Nani amesimulia mzimu wa Shinkolobwe? Hatujapata filme yake inayojulikana kama Godzilla, tena tunawazuia watoto ambao labda wangeitengeneza.

4. Barabara yenye giza

Nimalizie na televisioni ya Marekani. Rod Serling alikuwa mwandishi wa michezo ya televisioni. Mwaka 1955 mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa Mississippi, na mahakama ikawaachilia waliomuua. Serling akaandika mchezo wenye kufuata jambo lile. Ulipoonyeshwa mwaka 1956, wenye pesa za matangazo walikuwa wameubadilisha sana, watu wasitambue unasema nini. Ndipo Serling akaingia katika hadithi za ajabu. Toka mwaka 1959 mpaka 1964 aliongoza kipindi The Twilight Zone, kinachojulikana kwa Kifaransa kama La Quatrième Dimension. Alichokatazwa kukisema wazi, alikipitisha ndani ya mambo ya kutisha. Wakubwa wetu walifanya hivyo kabla yake: mfalme hakutukanwa, lakini Simba katika hadithi za Kalulu alichekwa usiku mzima.

Kuna kipindi kimoja cha mwezi wa Machi 1960 ambacho ningependa kionyeshwe katika kila kata ya miji yetu. Barabara moja ya watu watulivu inakatikiwa umeme. Simu hazisikiki, magari hayawaki. Mtoto mmoja, Tommy, anasema amesoma katika hadithi kwamba wageni wa angani wanatuma kwanza jamaa moja inayofanana na watu. Wakubwa wanacheka. Kisha gari la jirani linawaka lenyewe. Yule jirani, mbona usiku halale? Mbona anaangalia nyota? Giza linaingia, kivuli kinakaribia, mmoja anapiga risasi. Aliyekufa ni jirani yao aliyekuwa amekwenda kuona barabara ya pili ikoje. Muuaji naye anashitakiwa, na ili ajiokoe anamwonyesha kidole mtoto: huyu njo alijua yote! Juu ya kilima, wageni wenyewe wanaangalia. Wamezima na kuwasha taa tu. Kazi nyingine watu wameifanya wenyewe.

Mtu atasema: unaona, hadithi ya mtoto njo ilileta kifo! Hapana. Mtoto alisimulia. Wakubwa njo walioichukua hadithi na kuifanya mashitaka. Katika mila yetu, msimulizi anaifungua hadithi kwa neno lake, watu wanaitika, na mwisho anaifunga. Zimwi linabaki ndani, watu wanakwenda kulala. Hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mashitaka ya uchawi hayana mlango wa kutokea: mtoto akikana, ni mchawi mwongo, akikubali sababu ya kipigo na njaa, ni mchawi aliyeungama.

Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Lakini katika miji yetu watoto wanaendelea kufukuzwa nyumbani kwa neno hilo, sana sana yatima na wale wanaolelewa na mama wa kambo. Sheria peke yake haitoshe pale ambapo watu hawajui tena kutofautisha simulizi na ushuhuda.

Sisemi filme zote ni nzuri. Filme ya damu tupu si ya mtoto wa miaka sita. Na iko aina moja ninayoikataa kabisa: ile inayoonyesha mtoto mchawi na kudai kwamba ni mambo ya kweli yaliyotokea. Hiyo imevunja mlango wa kutokea. Samurai anayeongea na wafu hajawahi kudai kwamba mtoto wako anakula watu usiku.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, tukae pamoja na watoto mbele ya filme hizo. Tuogope pamoja, tucheke pamoja, na umeme ukikatika katikati, tuendelee sisi wenyewe na Kalala ao na Mwindo mpaka mwisho. Na siku mtoto wa jirani atakaponyoshewa kidole, tusimame mbele yake.