TAMKO LA TAWI: CHOMBO CHETU CHA MAJI KISIVUNJWE KIMYAKIMYA

Ndugu wanachama,

Sheria Namba 5 ya 2019 iliunda RUWASA na kuwapa wananchi vyombo vya kusimamia maji ngazi ya jamii. Sasa mji umetanuka, tunaambiwa chombo chetu kivunjwe. Kisima, tenki na mabomba viende mamlaka ya maji ya jiji.

Hatulikatai jiji. Tunakataa kukabidhi bila hesabu. Mitaro tulichimba wenyewe. Akiba iliyoko benki itakwenda wapi? Ndoo itauzwa bei gani? Kamati tuliichagua, ikikosea tunaiondoa. Meneja wa jiji tutamwondoaje?

Tunadai mkutano wa hadhara, mapato na matumizi yasomwe, bei ya ndoo iandikwe kwenye hati ya makabidhiano.

Kila mwanachama aje na jirani yake.

Kamati ya Tawi