Tuanze Kuhesabu Aina za Miti

Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Makala haya tumeyaelekeza Ijara, katika Kaunti ya Garissa, kwa sababu huko wingi wa miti unaweza kumpotosha mtu vibaya.

Zitazame mbuga zilizokuwa malisho ya hirola, swala aliyebaki kidogo atoweke duniani. Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti kuanzia 1985 hadi 2012 walikuta miti imeongezeka zaidi ya maradufu. Ndovu waliokuwa wakiiangusha waliwindwa wakaisha, mifugo ikazidi uwezo wa malisho. Migunga ikasongamana, nyasi zikapotea, na hirola nao wakazidi kupungua. Kando ya Mto Tana nako kuna mathenge, mti ulioletwa nchini kuzuia jangwa, nao ukaziba njia za mifugo na kufukuza mimea mingine. Kijani kipo, manufaa ni haba.

Sasa shuka kusini-mashariki hadi Boni, ambako hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1976. Humo miti imechanganyika. Mmoja hunywa maji ya juu juu mvua inapodondoka, mwingine umezamisha mizizi chini kabisa. Huu hupukutisha majani kiangazi, ule hubaki na yake ukaendelea kukua. Migunga mingi hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na jirani zake hunufaika. Waaweer, wenyeji wa msitu huu na wavuna asali hodari, wanaona faida yake mzingani: miti haichanui yote kwa pamoja, hivyo ua la huu likinyauka nyuki huhamia mwingine. Msitu wa mti mmoja huwalisha nyuki kwa majuma machache, kisha njaa.

Sayansi imefikia hapo hapo kwa njia yake. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa viwanja zaidi ya 770,000 vya misitu katika nchi na maeneo 44. Kwa sehemu kubwa ya dunia, aina za miti zikipungua, ukuaji wa msitu mzima hushuka, na hushuka kwa kasi zaidi aina zinapobaki chache. Nchini China, mashamba ya majaribio yaliyochanganywa aina 16 yalihifadhi kaboni zaidi ya mara mbili ya yale ya aina moja, baada ya miaka minane tu.

Sidai kwamba kila mti unaoongezwa ni neema. Mathenge ulikuwa aina mpya pia. Ninachosema ni kwamba aina zilizozoeana na mvua na udongo wa mahali kwa karne nyingi hugawana kazi, na mgawanyo huo hauletwi na lori la miche ya aina moja.

Kwa hiyo Kaunti ya Garissa, pamoja na kila kikundi chenye kitalu, iulize kabla ya msimu wa kupanda: miche hii ni ya aina ngapi, na mbegu zake zimetoka wapi? Mbegu za Boni na za misitu ya Tana zipewe nafasi ya kwanza. Na mbuga za nyasi za hirola zisipandwe mti hata mmoja.