Jiko la Mafiga Mawili

Kijana mmoja ninayemfundisha lugha ya C alikuwa na bando dogo. Alipokuwa akiweka kompaila kwenye kompyuta yake ya Debian, alifanya kama afanyavyo yeyote anayehesabu megabaiti: aliiamuru mashine ilete vifurushi vya lazima tu, vile "vinavyopendekezwa" iviache. Ikaleta gcc. Akaandika programu ya mistari mitano, ile ya kuisalimu dunia. Mashine ikamjibu kwamba stdio.h haipo. Akafuta, akaandika upya. Akatafuta nukta-mkato iliyomponyoka. Usiku kucha. Asubuhi akaja: "Shikamoo mwalimu. Mimi naona kichwa changu hakiwezi mambo haya."

Kichwa chake kilikuwa kizima. Vilivyokosekana ni vichwa vingine, faili za vichwa ambazo kila programu ya C huziita mwanzoni. Kwenye Debian zinakaa katika kifurushi cha pembeni kiitwacho libc6-dev, pamoja na vipande vidogo ambavyo bila hivyo programu haiwezi hata kuanza. Na kifurushi hicho, kwa gcc, ni pendekezo tu.

Sina ugomvi na kugawa kompaila vipande vipande. Ni kazi ya maana. Kifurushi chenyewe cha gcc karibu ni kitupu, kinaelekeza tu kwenye kompaila yenye namba: gcc-12 katika Debian 12 ya mwaka 2023, gcc-14 katika Debian 13 ya 2025. Namba hizo huziwezesha kompaila mbili kukaa kwenye mashine moja bila kukanyagana. Waliobuni hilo nawavulia kofia.

Lakini kompaila ina mafiga matatu: yenyewe, viunganishi vya binutils, na libc6-dev. Debian imeyafanya mawili kuwa lazima, la tatu ikasema ukipenda. Nani alishawahi kuinjika chungu juu ya mafiga mawili?

Wana hoja yao, na ni ya kweli: anayeandika kiini cha mfumo wa uendeshaji haihitaji libc. Sawa. Ila mtu huyo anajua anachofanya, angeweza kujiondolea mwenyewe. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajui cha kuongeza. Kwa nini mzigo abebe yeye? Fedora imelifanya figa hilo kuwa sharti la gcc. Arch faili za vichwa haizitenganishi kabisa, zimo ndani ya glibc. Sijasikia kwamba waandishi wa viini wamezikimbia.

Wengine watasema, si angeweka build-essential? Hicho huja na g++, make na zana za kutengenezea vifurushi vya Debian, na maelezo yake chenyewe yanasema kama hutengenezi vifurushi hivyo, hukihitaji. Kijana alitaka kuchemsha chai, mnamwambia akodi vyombo vya harusi. Kwa bando lipi?

Ninachodai ni jina moja kuhamishwa kutoka orodha ya mapendekezo kwenda orodha ya lazima.

Kijana alinunua bando jingine siku ile, akashusha libc6-dev, programu ikafanya kazi mara ya kwanza bila kubadilishwa hata herufi. Siku hizi jina la kifurushi hicho naliandika ubaoni kabla ya somo la kwanza, juu kabisa, hata kabla ya tarehe.